Chumba cha Pili

Idwal, nimelikata bomba lako.
Usinune huko uliko.
Lilikuwa moja tu, jembamba kama unyasi,
likipita chini ya sakafu kuhudumia magurudumu yote manne,
na siku lilipotoboka kwenye mteremko wa Bwlch y Groes
yote manne yakawa mayatima kwa mpigo mmoja.

Nakumbuka. Nilikuwa na mimba ya miezi sita.
Pedali ilizama mpaka kwenye zulia
bila kelele, kama mtu aliyekata tamaa kitambo.
Ukavuta breki ya mkono, ukaingiza gia ya kwanza kwa nguvu,
ukausugua ubavu wa gari kwenye ukuta wa mawe
mpaka likachoka.
Kisha ukacheka.
Jumamosi yake ukafunga bomba jipya,
mfano wa lile lile, pale pale,
kwa sababu ndivyo kiwanda kilivyotaka mwaka hamsini na tisa.
Mimi sikucheka, lakini hukuuliza.

Bwana Prosser wa chama chenu alikuja na mwavuli,
akachungulia chini ya boneti kama aliyeitwa kutambua maiti.
Mwacha asili ni mtumwa: hakulisema, uso ulilisema.
Asili ya gari ni kwenda, nikamwambia,
na aendaye asiyeweza kusimama
huyo haendi, anaanguka polepole.
Nikampa chai. Hakuimaliza.

Silinda kuu mpya ina vyumba viwili,
cha magurudumu ya mbele na cha ya nyuma,
kila kimoja na akiba yake,
kama wake wenza wasioazimana chumvi.
Kimoja kikivuja, cha pili hakina habari.
Ilibidi nitoboe upya ukuta wa injini,
milimita kumi na moja kulia,
na keekee ilipopenya nilifumba macho
kana kwamba ungesikia.

Mabomba nimeyakunja mwenyewe, shaba yenye nikeli,
nikiyazungushia kopo la biskuti.
Mdomo wa tatu ulipasuka. Wa nne pia.
Wa tano nilimtukana mtu asiyekuwepo,
ukakaa.

Tone moja la oili ya breki liliangukia madigadi;
asubuhi rangi ya kijani imevimba kama ngozi iliyoungua.
Nimeiacha hivyo. Miaka yote hiyo
halikuwa na alama yoyote yangu.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili.
Zamani mimi nilikuwa mguu, wewe sauti chini ya gari.
Sasa mguu ni wa Gethin, mjukuu wa mwenye bucha,
na sauti ni yangu, miaka sabini na mbili,
mgongo juu ya saruji baridi,
tukianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote.

Kanyaga.
Shikilia.
Achia.
Kanyaga.
Shikilia. Nimesema shikilia!

Vipovu vikaja kwenye mrija, vikifuatana,
pumzi iliyofungiwa tangu sijui lini,
vikapungua, kikabaki kimoja,
kisha oili tupu, rangi ya chai ya mgonjwa.
Tulipomaliza la nne Gethin akakanyaga tena, akanyamaza kidogo.
"Imepata mfupa," akasema.

Mpira wa pedali sikuubadilisha.
Umelika upande mmoja, kidole gumba chako kilipoegemea.
Mguu wangu ni mdogo, unacheza ndani ya shimo hilo.

Jumapili nikalipandisha mlima, nikaliteremsha.
Rasharasha, lami inang'aa.
Kwenye kona ile ukuta bado una kovu,
au nililitaka liwepo.
Kondoo akaingia barabarani bila haraka yoyote.
Nikakanyaga.
Gari likainamisha pua, likasimama,
naye akanitazama kama mwenye nyumba amtazamavyo mpangaji,
akaenda zake.

Injini ikaendelea kunguruma. Njia ilikuwa nyeupe.
Mguu ulikuwa bado juu ya pedali,
na mkono, sijui uliondoka saa ngapi kwenye usukani,
ulikuwa tumboni.